Vilivyowekwa Kando

Kitu cha kwanza kuhama kilikuwa kiatu.

Fundi Baridi aliamka, akapapasa chini ya kitanda kama alivyozoea, akakuta cha kulia kipo na cha kushoto hakipo. Alikitafuta mvunguni, akakitafuta mlangoni, akamlaumu paka wa jirani ambaye chumba kile hakuwahi kukitia mguu, kisha akakiona. Kilikuwa chini ya dirisha, kisigino kimegusa ukuta, kimetulia kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Kesho yake kiatu hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kiatu, mto na jagi la maji, vyote vimepangwa mstari mmoja kandokando ya ukuta, na hakuna kilichogusana na mwenzake.

Mtu mwingine angeapa kwamba nyumba ina mashetani, akafungasha virago. Fundi Baridi hakuwa mtu mwingine. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu alitengeneza mafriji, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandwa na hasira. Lakini ukija kwenye udadisi, mtu huyo alikuwa moto wa kuotea mbali. Akiona kitu kimefungwa kwa skrubu, vidole vinamwasha. Siku ile ile aliyokwenda kujitambulisha ukweni, aliifungua redio ya baba mkwe wake ili aone tu inavyofanya kazi. Baba mkwe alimpa binti, hana kinyongo, lakini ile redio mpaka leo haijatamka neno.

Kwa hiyo habari ya kiatu na jagi ilimfurahisha. Alikwenda kazini anapiga mluzi, akarudi anapiga mluzi, akajiambia kwamba hili atalifungua taratibu, skrubu moja baada ya nyingine.

Mluzi ulikatika asubuhi alipomkuta Chiriku kwenye mstari.

Chiriku alikuwa binti yake, ndio kwanza ameanza shule, na jina hilo hakulipata bure. Alisema tangu akifungua macho mpaka akiyafumba, na wakati mwingine hata akiwa ameyafumba. Usiku alilazwa kitandani upande wa ukuta, mama yake katikati, baba ukingoni. Asubuhi ile alikuwa sakafuni chini ya dirisha, baada ya jagi, amejikunja ndani ya shuka.

"Umefikaje hapa?" baba yake alimuuliza.

"Sijui," alisema Chiriku.

Jibu hilo lilimtisha kuliko kumkuta pale chini. Tangu mtoto yule ajue kusema, hakuwahi kukosa jibu.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Umeshuka mwenyewe?"

Mtoto aliangalia mlango wa jikoni, ambako mama yake alikuwa anachemsha chai. Akachukua shuka lake, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani. Fundi Baridi alibaki amechutama pale sakafuni. Kwa mara ya kwanza udadisi wake ulikuwa na woga ndani yake.

Mkewe, Mama Chiriku, alikuwa mkaguzi wa chupa katika kiwanda cha soda. Fundi Baridi aliijua kazi hiyo kama waume wengi wanavyozijua kazi za wake zao, yaani jina lake tu. Chupa zinapita, mke anaangalia, chafu anaitoa, jioni anarudi nyumbani. Ungemuuliza friji ya mwenye duka ina ugonjwa gani, angekueleza mpaka usinzie. Ungemuuliza mkewe anakaa kwenye kiti gani, ameelekea wapi, nani yuko ubavuni mwake, ungemwona anakuna kichwa.

Alichokijua ni kile kinachorudi nyumbani. Zamani kilichorudi kilikuwa mwanamke mwenye mikono isiyotulia. Akiingia tu anamvuta mumewe sikio, anamfunga binti yake nywele huku anamfinya shavu, anaonja chungu, anapangusa meza, anampiga mtu kofi la mgongo kwa sababu ya kicheko. Sasa akirudi alikaa kwenye kochi, akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Macho mekundu. Vikombe vikigongana jikoni anashtuka, kisha anafoka, kisha anaona aibu kwamba amefoka. Nywele za Chiriku sasa zilifungwa na jirani. Kitandani alilala chali, mikono kifuani, utadhani anaogopa kuchafua mashuka.

Mume aliona yote hayo na akayapa maelezo ya mwanamume. Amenichoka, alijiambia. Aliumia kweli kweli, lakini kwa kuwa alikuwa Fundi Baridi, hakusema.

Jioni ile alijaribu.

"Mama Chiriku, vitu vinahama humu ndani usiku. Wewe huoni?"

"Mimi?" Mkewe alicheka kicheko kikavu. "Mimi sipati hata lepe la usingizi. Kama kuna mtu anahamisha vitu, ningekuwa wa kwanza kumwona. Labda ni wewe. Wewe ndiye unayelala kama gogo, hujui unachofanya."

Alifikiri, akaona huenda kweli. Mtu aliyelala hana ushahidi wa kujitetea.

Basi akafanya kama anavyofanya kwa friji inayovuja bila kuonyesha pa kuvujia. Kabla ya kupanda kitandani alinyunyiza poda ya mtoto sakafuni, kidogo tu, kuanzia kitandani mpaka dirishani. Kulipopambazuka, wenzake bado wamefumba macho, alishuka kwa magoti akasoma sakafu. Mguu wake haukuwepo. Mguu wa Chiriku haukuwepo, ingawa Chiriku mwenyewe alikuwa pale ukutani, amelala. Uliokuwepo ni mguu mdogo wa mtu mzima ambaye kidole chake cha pili kimekipita kidole gumba, mguu aliokuwa akiukanda kwa mafuta mwaka waliooana. Ulikwenda dirishani ukarudi, ukaenda ukarudi, tena ukarudi. Mkewe hakuwa amesema uongo. Alikuwa hajui.

Aliipangusa poda haraka kabla mkewe hajaamka.

Kilichomkata maini kilikuja siku mbili tatu baadaye, saa ya kwenda shule. Alimkuta Chiriku bombani ana kipande cha sabuni, anajisugua uso. Anajisugua nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kwenye pembe za pua, mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

"Inatosha, mama. Utajichubua."

"Bado, baba. Niangalie. Kuna uchafu wapi?"

"Hakuna. Umetakata."

"Angalia vizuri. Niangalie juani." Akamnyooshea uso. "Mama anauona. Usiku ananishika kidevu, ananigeuza kwenye taa ya barabarani ile inayoingia dirishani, ananiangalia, halafu ananitoa. Kila siku naoga, kila siku ananitoa. Mbona wewe hakutoi?"

Fundi Baridi alitaka kusema kwamba yeye ni mzito, habebeki. Ni mzaha ambao siku nyingine ungemfanya Chiriku acheke mpaka akae chini. Leo aliuacha. Alimfuta mtoto uso kwa shati lake, akambeba mpaka shuleni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, na njia nzima hakuna aliyesema neno. Mtaa ulishangaa. Chiriku kunyamaza njia nzima ni habari.

Sasa haikuwa tena skrubu ya kuchezea. Mtoto wake alikuwa anaamini kwamba mama yake amemkataa, na mama mwenyewe hakuwa na habari. Akimwambia, ataangamia kwa uchungu. Asipomwambia, mtoto atajichubua uso mpaka lini? Alijua kitu kimoja tu, kwamba ukitaka kujua friji imepatwa na nini, huanzi na mlango, unazunguka nyuma. Nyuma ya mkewe kulikuwa na kiwanda.

Mama Chiriku aliwahi kulalamika kwamba kipoza maji cha kantini yao kimekufa, wanakunywa maji ya moto. Fundi Baridi alibeba sanduku lake, akaenda mpaka getini, akasema amekuja kukitazama bure. Fundi anayejitolea bure hafukuzwi popote duniani. Mpishi wa kantini, mama mnene mwenye leso kichwani na habari za watu wote moyoni, alimpokea kama jamaa aliyepotea.

Kipoza maji hakikuwa na ugonjwa wa maana. Nyuma yake, lakini, kulikuwa na dirisha kubwa la kioo lililotazama ukumbi wa mitambo, na Fundi Baridi akiwa amepiga magoti na bisibisi mdomoni, aliinua macho akamwona mkewe.

Alikuwa kwenye kiti kirefu, pamba masikioni. Mbele yake kulikuwa na ubao wa taa nyeupe, mweupe wa kuumiza, na mbele ya ubao ulipita mkanda, na juu ya mkanda zilipita chupa tupu zilizotoka kuoshwa, bado zinachuruzika maji. Zilipita kama siafu. Hazikuachana, hazikusita, hazikuisha. Mkewe hakupepesa macho. Mikono alikuwa ameikunja kifuani, kama vile anavyolala. Kisha mkono mmoja uliruka wenyewe, ukaidaka chupa shingoni, ukaigeuza kwenye taa, ukaiweka kando.

Kando yenyewe ilikuwa rafu nyembamba iliyoegemea ukuta. Chupa zilisimama pale mstari mmoja, na hakuna iliyogusana na mwenzake.

Bisibisi ilimdondoka. Mstari ule aliujua. Alikuwa akiuruka kila asubuhi akitafuta kiatu.

"Unamwangalia mkeo?" mpishi alimuuliza. "Anajua kazi, yule. Jicho lake halina mfano."

"Mama, hizo anazozishika ni zipi?"

"Ndizo mbaya. Akiigusa, imekataliwa. Iliyo nzuri haigusi kabisa, inajipitia zake. Hiyo ndiyo sheria ya pale tangu zamani. Wakaguzi hufundishwa siku ya kwanza: mikono kaa nayo mwenyewe, usiguse kitu ila umekikataa."

Fundi Baridi alikaa sakafuni pale pale. Mikono chini ya mapaja. Sikio lisilovutwa. Nywele zilizoachiwa jirani. Miezi yote hiyo alikuwa anahesabu kwamba haguswi kwa sababu hatakiwi, na mwenzake alikuwa anamlinda dhidi ya mikono yake mwenyewe. Alijisikia mjinga, na katikati ya ujinga huo alijisikia furaha kidogo, ya aibu, kwa sababu hata mume mtu mzima hupenda kujua kwamba hajakataliwa.

"Na kile kiti cha pili?" aliuliza. Kando ya mkewe kulikuwa na kiti kingine kirefu, kimewekewa boksi la glavu.

"Cha mwenzake. Walikuwa wawili, wanapokezana. Huyu anaangalia, huyu anapumzisha macho, anapanga kreti, baada ya muda kidogo wanabadilishana. Jicho la binadamu si taa. Alipokuja msimamizi huyu wa sasa, huyu tunayemwita Chapchap, akaongeza mwendo wa mkanda, mwenzake akampeleka kwenye kubandika lebo. Akamuuliza mkeo, utaweza peke yako? Mkeo akasema ataweza. Wewe ungesemaje?" Mpishi alishusha sauti. "Na sasa balaa limemrudia. Mashine ya kuoshea imeharibika. Chupa zinakataliwa kreti kwa kreti. Imefunguliwa yote, imefungwa, imefunguliwa tena, ugonjwa hauonekani. Chapchap amekonda. Nasikia nyumbani kwake anagombana mpaka na mbu."

Makreti ya chupa zilizokataliwa yalikuwa nyuma ya kantini, yamepangwa kama ukuta. Fundi Baridi, akisingizia kutafuta bomba, alitoka nje, akachomoa chupa, akaielekeza juani. Safi. Akachukua nyingine. Safi. Alichagua ya chini, ya katikati, ya pembeni. Zote zilimetameta, hakuna hata doa la dawa. Mtu ambaye maisha yake yote alifurahi akipata jibu, safari hii alitamani asingelipata. Mashine haikuwa na kasoro. Aliyechoka ni aliyekaa kwenye kiti. Hilo likijulikana, kiti kitapata mtu mwingine.

Alizirudisha chupa moja moja, akakusanya vifaa vyake, akaenda nyumbani bila kuaga.

Jioni alimpeleka Chiriku kwa jirani, akafunga mlango, akakaa chini mbele ya kochi, magoti kwa magoti na mkewe.

"Nilikuja kazini kwenu leo. Nimekuona."

"Umenipeleleza?" Macho ya mkewe yaliwaka. "Baba Chiriku, umetoka hapa, umeacha kazi yako, umekuja kunichungulia mimi kama mwizi?"

"Nilikuja kutengeneza kipoza maji."

"Nani alikuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Ndiyo nilivyosema." Alihema. Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia, akauliza, "Kimepona?"

"Kimepona." Akavuta pumzi. "Nimeziona na chupa za kule nyuma. Nimeziangalia juani."

Hasira ilimtoka mkewe kama gesi inavyotoka kwenye bomba lililotoboka, ikabaki sura tupu ya mtu aliyechoka.

"Nazijua," alisema. "Zamani nilikuwa natoa chafu. Sasa natoa yoyote inayonitisha. Naona nzi, naitoa, naiangalia, hakuna nzi. Lakini nimeshaigusa. Nikiirudisha, halafu kweli kukawa na nzi, mtoto wa mtu akainywa? Basi naiacha pale. Wanafungua mashine ya watu, wanaifunga, na mimi nimekaa macho makavu kama siyajui. Nikifumba macho zinapita. Nikila zinapita. Nikikutazama wewe, hivi ninavyokutazama, zinapita mbele ya uso wako. Naogopa mikono yangu, Baba Chiriku. Naona nikimgusa mtu nitamharibu."

"Unatugusa," alisema mumewe polepole. "Usiku. Unatugusa bila kujua."

Akamweleza. Alianza na kiatu, akaenda kwenye mto na jagi, na mkewe akatikisa kichwa, karibu acheke. Akamweleza habari ya poda, mkewe akautazama mguu wake. Kisha hakukuwa na njia ya kuzunguka, akamweleza habari ya Chiriku. Kidevu, taa ya barabarani, sakafu. Sabuni. Na lile swali la mtoto la kwamba uchafu uko wapi.

Mama Chiriku hakupiga kelele. Alichomoa mikono yake chini ya mapaja, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avishike, na akalia kwa sauti ndogo ambayo mumewe hakuwahi kuisikia katika miaka yote. Alilia mpaka kanga yake ikalowa. Fundi Baridi alilia pia. Nani alisema fundi halii?

"Kesho naenda kwa Chapchap," alisema mkewe alipopata sauti.

"Twende wote."

"Wewe ukae. Ukiingia kule utafungua mashine."

Alikwenda mapema, mkanda ukiwa bado haujawashwa. Alivyosimulia baadaye ni kwamba alimkuta Chapchap ameegemea mashine ya kuoshea, amefumba macho, amesimama. Akamwambia, "Mashine yako ni nzima. Mbovu ni mimi." Chapchap akadhani ni mzaha. Mama Chiriku akamletea kreti, akawasha ule ubao wa taa, akamwonyesha chupa moja, ya pili, ya tatu. Msimamizi yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi saa za kazi, aliondoa boksi la glavu kwenye kiti kirefu akakaa.

"Mama, mimi nimewaambia wakubwa mashine imeharibika," alisema. "Nimewaapia."

"Najua."

"Wewe unalala?"

"Silali."

"Mimi pia," alisema Chapchap. Wakakaa hivyo, kila mmoja kwenye kiti chake, wanautazama mkanda uliosimama. Kisha Chapchap akajikumbuka, akasimama, akamwambia aende nyumbani, ataitwa.

Ataitwa. Neno baya kama hilo hakuna, kwa sababu halisemi ndiyo wala hapana. Mama Chiriku alirudi nyumbani akangoja. Usiku alikataa kulala chumbani. Alibeba mto wake akaenda kwenye kochi, akamwagiza mumewe afunge mlango wa chumba kwa ndani. Fundi Baridi alifunga kwa sababu aliombwa, na akalala ukingoni kama kawaida, kitanda kikiwa na pengo katikati. Asubuhi Chiriku aliamka kitandani, mahali alipolazwa, lakini hakufurahi hata kidogo.

"Sasa mama amejitoa mwenyewe," alisema.

Simu ilikuja baada ya siku kadhaa, fupi na ya haraka kama jina la Chapchap mwenyewe. Mwenzake amerudishwa kwenye kiti cha pili. Aje. Watu wasidhani Chapchap aligeuka malaika. Mkanda haukupunguzwa mwendo hata kidogo, na wakubwa hawakuambiwa ukweli wote, waliambiwa mashine imepona. Mtu anayeogopa kupoteza kazi yake huwaponya hata wazima. Lakini viti vilikuwa na watu wawili, na mmoja akitazama mwingine alitazama ukuta, dari, kucha zake, chochote kisichopita.

Usingizi ulirudi kwa madaha, kama mgeni anayetaka kubembelezwa. Kwanza lepe moja alfajiri. Kisha kusinzia juu ya sahani. Fundi Baridi, ambaye udadisi ulikuwa umemrudia, alichungulia kochi kila asubuhi akaangalia ukuta wa sebuleni. Mara kiatu, mara kiatu na kikombe, mara hakuna kitu. Hakumwambia mkewe lolote, na mkewe hakumuuliza. Ila alianza kumwona akinyoosha mkono kuelekea kichwa cha Chiriku, mkono unafika karibu, unasita, unarudi chini ya paja. Chiriku naye alikuwa akisimama pale pale bila kutikisika, akingoja, uso umesuguliwa.

Ikaja siku ya mapumziko, mchana. Joto lilikuwa jingi, na Mama Chiriku alitandika mkeka sebuleni karibu na dirisha akajinyoosha kidogo tu, alisema, mpaka chai ichemke. Chai ilichemka. Fundi Baridi alikuwa mlangoni na bisibisi yake, akihangaika na feni, aliposikia kitu ambacho hakukisikia kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa anakoroma. Hakuwa anasinzia, alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, bila haya.

Chiriku aliingia kutoka nje. Alimwangalia mama yake muda mrefu. Akamwangalia baba yake, akaweka kidole mdomoni kumwonya asipige kelele. Kisha akafanya jambo lililomfanya baba yake asahau feni, bisibisi na dunia yote. Alikwenda ukutani, chini ya dirisha, akajilaza pale sakafuni, miguu imebana, mgongo umegusa ukuta. Alikuwa anampunguzia mama yake kazi.

Fundi Baridi alitaka kumwinua. Mguu mmoja ulishavuka kizingiti. Lakini mkewe aligeuka usingizini, na mkono wake ukanyooka.

Ulipapasa mkeka. Ulipita juu ya ukingo wake, ukapapasa sakafu, ukafika kwenye gauni la mtoto, ukapanda mpaka kidevuni, ukakishika. Chiriku alifumba macho. Akageuzwa kwenye mwanga wa dirisha. Baba yake alizuia pumzi, kwa sababu sehemu ya pili aliijua, na ukuta ulikuwa pale pale.

Mkono ulimvuta upande wa pili. Ulimkokota kutoka ukutani mpaka kwenye mkeka, mpaka kifuani, ukamzunguka shingoni, ukatulia. Fundi Baridi alingoja uachie. Alingoja mpaka chai ikakauka jikoni na harufu ya sufuria ikaanza kuja. Haukuachia. Mama Chiriku aliendelea kukoroma.

Kutoka chini ya mkono ule, jicho moja lilifunguka likamtafuta baba mlangoni.

"Baba," Chiriku alinong'ona. "Amenigusa, hajanitoa."

Baba yake alimfanyia ishara anyamaze, asimwamshe mama. Lakini Chiriku alikuwa na maneno ya miezi, akaanza kuyasema yote, kwa mnong'ono, mpaka naye akalala.